Mtoto wa mkulima aliyewaza televisheni, na mwalimu aliyetunza karatasi yake

Redio imegoma. Kabla fundi hajaitwa, mtoto wa miaka 12 ameshaifungua na skrubu zimetapakaa kwenye mkeka. Wazazi wengi tunajua kinachofuata: kelele, pengine na kofi, kisha amri kwamba asiguse tena kitu kisichomhusu.

Leo tumwangalie mtoto mmoja wa namna hiyo, ambaye watu wazima waliomzunguka walimwacha afungue. Ni Philo Farnsworth, Mmarekani, mtoto wa mkulima. Akiwa na miaka 21 tu alirusha picha kutoka chumba kimoja hadi kingine bila kutumia mtambo wowote wa kuzunguka, jambo lililowashinda wahandisi waliomzidi umri na fedha. Maisha yake yana mafunzo kwa mzazi, na si yote matamu.

Jenereta ya shambani

Philo alizaliwa Agosti 19, 1906, karibu na mji mdogo wa Beaver, jimbo la Utah, katika nyumba ya magogo iliyojengwa na babu yake. Alipofika miaka 12 hivi, familia ilihamia shamba jingine karibu na Rigby, jimbo la Idaho. Huko alikuta vitu viwili ambavyo hakuwahi kuishi navyo: umeme wa jenereta na, juu darini, rundo la majarida ya sayansi yaliyoachwa na waliokaa hapo kabla yao.

Jenereta ile ilikuwa ikiharibika mara kwa mara. Fundi alipokuja, Philo alisimama pembeni akimuuliza maswali. Haukupita muda akawa anaitengeneza mwenyewe. Kisha akafufua mota mbovu na kuifunga kwenye mashine ya kufulia ya mama yake, ambayo hadi hapo ilizungushwa kwa mkono. Akiwa bado kijana alishinda dola 25 katika shindano la jarida moja la sayansi kwa kubuni kufuli ya sumaku ya gari.

Mistari ya shamba

Wakati huo watu walishaanza kuota habari ya kurusha picha kama sauti inavyorushwa redioni. Mjerumani Paul Nipkow alibuni mwaka 1884 sahani yenye matundu ambayo, ikizunguka, hukata picha vipande vipande. Mskochi John Logie Baird alionyesha televisheni yake ya kuzunguka jijini London mwaka 1926. Ilifanya kazi, lakini picha yake ilikuwa na mistari 30 tu, hafifu na yenye kutetema.

Philo alisoma habari za sahani hizo kwenye yale majarida akaona haziwezi kufika mbali. Hakuna chuma kinachoweza kuzunguka kwa kasi ya kutosha kuleta picha safi. Kilichohitajika ni kitu chepesi mno, nacho ni elektroni, chembe ndogo zinazobeba umeme.

Siku moja mwaka 1921, akiwa na miaka 14, alikuwa shambani akilima kwa farasi. Alipogeuka nyuma aliona shamba limejaa mistari iliyonyooka, mmoja baada ya mwingine. Hapo wazo likamjia: picha nayo inaweza kulimwa hivyo hivyo, mstari kwa mstari, na elektroni zikafanya kazi ya jembe.

Ukitaka kumweleza mwanao, mwambie afikirie kusoma kitabu. Jicho halimezi ukurasa wote kwa mara moja. Linaanza mstari wa juu, linapita hadi mwisho, linarudi kushika wa pili, hadi chini. Kamera ya Philo ilifanya hivyo kwa mwanga. Lenzi ilitupa picha juu ya bamba ndani ya chupa ya kioo isiyo na hewa. Palipokuwa na mwanga mwingi, bamba lilitoa elektroni nyingi. Palipokuwa na giza, chache. Sumaku zikazisogeza elektroni hizo mbele ya tundu dogo, mstari baada ya mstari, na tundu likapokea umeme unaopanda na kushuka. Umeme huo ndio uliosafiri hadi upande wa pili kuchora picha upya.

Mwalimu ambaye hakumfukuza ubaoni

Mwaka 1922, katika shule ya sekondari ya Rigby, mwalimu wa kemia Justin Tolman alikuta ubao umejaa michoro. Aliyechora alikuwa Philo, kijana aliyekuwa amemsihi amruhusu kuingia darasa la wakubwa zake.

Mwalimu aliuliza michoro ile inahusiana vipi na kemia. Lilikuwa swali la haki. Philo akaanza kueleza. Tolman angeweza kumwambia afute ubao akakae. Badala yake alimsikiliza hadi mwisho na kumuuliza maswali. Philo alichora mchoro mwingine wa kamera yake kwenye karatasi ya daftari akampa. Mwalimu akaiweka.

Mke mwenza aitwaye Televisheni

Januari 1924 baba yake Philo alifariki. Kijana alikuwa na miaka 17, na masomo ya chuo kikuu hayakufika mwisho, kwa kuwa familia ilihitaji mkono wake. Alifanya vibarua, na katika kazi moja ya kuchangisha fedha za hisani jijini Salt Lake City aliwaeleza waajiri wake, George Everson na Leslie Gorrell, habari ya wazo lake. Walimpa dola 6,000 aanze.

Mei 27, 1926 alimwoa Elma Gardner, aliyezoeleka kwa jina la Pem. Pem alisimulia baadaye kwamba usiku wa harusi mumewe alimwambia kuna mwanamke mwingine maishani mwake, na jina lake ni Televisheni. Wanawake wengi wangekusanya virago. Pem alimkaribisha mke mwenza huyo na kujifunza kazi zake: alichora michoro ya vifaa, akachomelea vyuma vidogo vidogo, akaandika kumbukumbu za maabara. Kaka yake, Cliff, ambaye hakuwa msomi wa fizikia, alijifunza kupuliza kioo hadi akaweza kutengeneza chupa ambazo mafundi wengine walisema haziwezekani.

Kwa hiyo maabara ile ya mtaa wa Green, San Francisco, kwa sehemu kubwa ilikuwa ni familia moja.

Septemba 7, 1927, Cliff aliweka mbele ya kamera kioo kilichochorwa mstari mmoja. Katika chumba kingine, Philo, Pem na Everson waliuona mstari ule ukitokea. Cliff alipokigeuza kioo, mstari nao ukageuka. Picha ya kwanza ya binadamu iliyorushwa na mtambo huo na kubaki kwenye kumbukumbu ni ya Pem, mwaka 1929. Macho amefumba, kwa sababu kamera ilihitaji taa kali mno.

Kesi na kampuni kubwa

Mwaka 1930 Philo alipata hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi. Mwaka huo huo maabara ilitembelewa na Vladimir Zworykin, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyekuwa akihamia kampuni ya RCA, mbabe wa redio Marekani. Haki ni haki: Zworykin naye alikuwa mtaalamu wa kweli, na kamera aliyoijenga baadaye ilihitaji mwanga kidogo kuliko ya Philo. Televisheni haikuzaliwa na mtu mmoja.

Lakini RCA ilitaka yote. Mkuu wake, David Sarnoff, alitoa dola 100,000 kununua kazi ya Philo. Philo alikataa. Kampuni ikashikilia kwamba Zworykin ndiye wa kwanza, kwa kuwa aliomba hataza mwaka 1923.

Katika shauri hilo aliitwa mwalimu Tolman. Alieleza alichoambiwa na mwanafunzi wake mwaka 1922, na karatasi ya daftari ikatolewa. Ofisi ya hataza iliamua kwamba uvumbuzi huo ni wa Farnsworth. Mwaka 1939 RCA ilikubali kumlipa dola milioni 1 kwa miaka 10, pamoja na malipo ya kutumia hataza zake.

Ushindi uliokuja na machozi

Hapa ndipo wazazi tunapaswa kusoma taratibu.

Machi 1932, wakati kesi zinaiva na kazi imemwelemea, mtoto wao mdogo, Kenny, alifariki kwa maambukizi ya koo. Penisilini ilikuwa bado haijaanza kutumika hospitalini. Pem alipanda treni peke yake kwenda Utah kumzika mtoto, huku Philo akibaki kazini Philadelphia. Jeraha hilo liliwasumbua kwa miaka mingi.

Hata fedha hazikuja kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1942 utengenezaji wa televisheni ulisimamishwa nchini Marekani kwa sababu ya vita. Hataza ilidumu miaka 17. Kufikia mwaka 1947, watu walipoanza kununua televisheni kwa wingi, hati yake kuu ilikuwa imekwisha muda. Philo aliugua msongo wa mawazo na kuingia kwenye ulevi. Mwaka huo huo nyumba yao ya Maine iliteketea kwa moto. Kampuni yake iliuzwa mwaka 1949.

Mwaka 1957 alialikwa kwenye kipindi cha televisheni ambacho wageni wa studio hubahatisha siri ya mtu. Siri yake ilikuwa kwamba alibuni televisheni ya elektroni akiwa na miaka 14. Hakuna aliyeigundua. Alirudi nyumbani na zawadi ya dola 80 na katoni ya sigara.

Nyumbani kwake mwenyewe, mwanawe Kent alikuja kusimulia, baba hakutaka watoto waangalie televisheni. Aliona vipindi havina cha maana. Lakini Julai 1969, binadamu wa kwanza alipokanyaga mwezini na picha zikafika sebuleni, Philo alimwambia mkewe kwamba sasa anaona taabu yote haikuwa bure. Alifariki Machi 11, 1971. Pem alizunguka kulitetea jina la mumewe hadi alipofariki mwaka 2006 akiwa na miaka 98. Sanamu ya Philo iliwekwa katika jengo la Bunge la Marekani mwaka 1990 baada ya wanafunzi wa shule moja ya msingi ya Utah kuidai.

Mzazi afanye nini?

Si kila mtoto anayefungua redio atakuwa Farnsworth. Hilo si tatizo. Mpe vitu vibovu avifungue, ila viwe vimechomolewa kwenye umeme. Televisheni ya kichogo asiiguse kabisa, maana hata ikichomolewa hubaki na umeme unaoweza kuua.

Akikueleza jambo usilolielewa, usiogope kuuliza. Na akichora kitu, andika tarehe pembeni na ukihifadhi. Tolman alikuwa mwalimu wa kemia, si mtaalamu wa picha, na hakuwa na fedha za kumpa mwanafunzi wake. Alikuwa na masikio, na mahali pa kuweka karatasi.