Kausha Mbao Kabla ya Kumwita Seremala

Leo tuzungumze juu ya mbao. Wengi wenu huko Njombe, Makete na Mufindi mmepanda misindano. Siku inafika, miti inakatwa, mbao zinapasuliwa, na seremala wa kijijini anakuja na haraka zake, anataka atengeneze kabati leo leo. Kabati linapendeza, linauzwa. Baada ya miezi miwili milango haifungi, mbao zimeachana, na mnunuzi yuko mlangoni anadai fedha zake. Hapo fundi atasema mti wako ni mbaya. Mti hauna kosa, ndugu yangu. Mbao zilikuwa mbichi.

Msindano uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yenye uzito sawa na mti wenyewe ukikauka, hata kuzidi. Mengine yamo katika matundu madogo sana ya mti, kama maji ndani ya debe. Mengine yamelowa katika kuta za matundu hayo. Ya kwenye matundu hutoka kwanza, na ubao hupungua uzito bila kusinyaa. Maji yakishuka hadi asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, kuta nazo huanza kukauka. Hapo ndipo ubao husinyaa, hupinda na hupasuka. Kwa hiyo ubao wa wiki mbili hukudanganya: ukiushika ni mkavu, umenyooka, kumbe mambo bado. Samani za ndani zataka asilimia 12 hadi 15.

Basi, chagua mahali penye upepo, pasipotuama maji. Panga matofali, safu ya kwanza iwe futi moja na nusu juu ya ardhi. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya inchi moja, kila baada ya futi mbili. Na hapa nasisitiza: kila kijiti kikae juu ya mwenzake, mstari mmoja mpaka kwenye tofali. Kikihama, uzito wa juu hupinda mbao za chini, na zikikauka hivyo hazinyooki tena. Ncha zipake rangi ya mafuta, maana maji hukimbilia huko na nyufa huanzia huko. Juu weka mawe, kisha ezeka paa. Jua kali halikusaidii, hukausha ngozi tu. Wala usikawie: msindano mbichi ukilundikwa huota kuvu wa buluu. Kuvu huyo hapunguzi sana nguvu ya ubao, lakini mnunuzi anaangalia rangi.

Utajuaje zimekauka? Mbao za inchi moja huweza kuchukua miezi miwili mitatu ya kiangazi, ila usitegemee kalenda. Tia alama ubao mmoja unaochomoleka kwa urahisi, uupime kila wiki kwa mizani ya dukani. Wiki tatu mfululizo uzito usipopungua, zimekauka kwa kadiri ya hewa ya hapo. Ziingize ndani ya karakana wiki mbili ndipo fundi ashike randa.

Najua, shida ya fedha haingoji miezi mitatu. Basi uza nusu mbichi kwa wajenzi wanaomwaga zege, nusu uipange.