USO FANTA, MIGUU COCA-COLA: DADA, NANI KAKUDANGANYA?

Wiki hii tunaongelea sura. Si sura ya kitabu, ni hiyo unayoiangalia kwenye kioo kila asubuhi kabla hujatoka kwenda kutesa mitaani.

Wapo wanaodhani mambo ya mkorogo yanaishia Dar es Salaam, Mbeya mjini au pale Tunduma mpakani. Thubutu! Teremka Msangano, kule bondeni wilayani Momba, ufuta na mpunga ukiwa umekubali na hela ipo mfukoni. Siku ya mnada utamkuta muuzaji kapanga vikopo vyake juu ya turubai, vingine vina picha ya mdada mweupe pee, vingine havina hata jina. Ukimwuliza kuna nini humo ndani, anakujibu kwamba ni ya kung'arisha tu, anti, wala haina madhara. Na dada zetu wananunua.

Matokeo yake tunayaona wote. Uso Fanta, miguu Coca-Cola! Mashavu yamekuwa ya chungwa, shingo ina rangi yake, halafu vifundo vya vidole vimebaki vyeusi tii vinamsuta mwenyewe. Akipita kijiweni washikaji wanavunjika mbavu. Lakini nyie washikaji, ngoja niwaulize: si nyie nyie mnaopiga miluzi akipita mwenye rangi ya mtume, na wa maji ya kunde hamumpi hata salamu? Mnampeleka dukani, kisha mnamcheka akirudi.

MKOROGO NI KITU GANI HASA?

Weusi wetu unatokana na kitu kinaitwa melanini. Mwili unaitengeneza wenyewe, na kazi yake ni kuikinga ngozi na jua. Ni mwavuli uliozaliwa nao, hujaununua.

Sasa mkorogo unakuja kuung'oa huo mwavuli. Ndani yake mara nyingi kuna haidrokwinoni au zebaki, ambavyo vyote vinazuia mwili kutengeneza melanini. Kuna na dawa za steroidi, zile ambazo daktari anamwandikia mgonjwa wa pumu ya ngozi apake kidogo, kwa muda mfupi. Wewe unapaka uso mzima, asubuhi na jioni, mwaka mzima!

Mwanzoni kweli unang'aa, mpaka mashoga wanakuuliza siri. Halafu ngozi inakuwa laini kama karatasi ya sigara. Mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka, mapajani inatokea michirizi ambayo haifutiki. Ukipata jeraha linachelewa kupona, na ukienda kufanyiwa upasuaji ndipo daktari anapata kazi ya kushona ngozi isiyoshika uzi. Zebaki nayo haibaki juu ya ngozi. Inaingia mwilini na kuharibu figo, na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Hata anayelalia shuka zako na kutumia taulo lako anaweza kupata sehemu yake.

Kibaya zaidi, ukiitumia haidrokwinoni kwa muda mrefu inaweza kukugeuka. Uliyeitaka rangi nyeupe unatokwa na mabaka ya bluu na nyeusi usoni, na hayo kuyaondoa ni shughuli pevu. Madaktari wa Afrika Kusini waliyaandika mambo hayo tangu mwaka 1975, baada ya kuona wanawake wengi wamekuja na nyuso za namna hiyo. Mwaka 1990 serikali ya huko ikatangaza marufuku.

Hapa kwetu pia vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni ni haramu kisheria. Sheria ya chakula, dawa na vipodozi ilipitishwa mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Dunia nayo ilikubaliana mwaka 2013, kwenye Mkataba wa Minamata, kuviondoa sokoni vipodozi vya zebaki. Lakini si unaijua Tunduma? Nakonde ya Zambia iko hapo hapo, unavuka kwa miguu. Magari yanapita kwenye kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019, ila kikopo cha krimu kinaingia hata kwenye mkoba wa mama anayetoka kununua vitenge. Kwa hiyo askari wa kwanza ni wewe mwenyewe.

YALIYOMKUTA SHOGA YANGU

Ninaye shoga yangu mmoja kule Msangano, jina kapuni. Miezi mitatu kabla ya harusi mashangazi wakamwambia bibi harusi lazima ang'ae, asije akaitia aibu familia. Akaanza kupaka. Siku ya harusi picha zikatoka bomba, kila mtu akasifia.

Harusi ikapita, hela ya krimu ikakata. Ndani ya wiki chache uso ukaanza kuwaka moto, ukavimba vipele, na rangi ikarudi nyeusi kuliko ile ya kuzaliwa. Jikoni hakukaliki, maana akikaribia moto wa kuni ngozi inauma kama imepakwa pilipili. Mume naye akabaki anaangalia picha ya ukutani, kisha anamwangalia mkewe.

Mimba ikaingia. Kliniki nesi akamwuliza anapaka nini usoni, akasema mafuta ya kawaida. Mara ya pili, mafuta ya kawaida. Aibu ilikuwa inamuuma kuliko vile vipele. Mara ya tatu akafungua mkoba, akakitoa kikopo, akakiweka mezani. Hapo ndipo matibabu yalipoanza, na figo zake zikaanza kufuatiliwa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi naongeza: na kipande hicho unakilipia mwenyewe.

PENDEZA KWA HELA KIDUCHU

Sasa usiseme huyu anakataza tu. Shika kalamu.

Kuoga: sabuni ya mche iache kwenye nguo, inaukausha mwili mpaka unachorwa chorwa kama mbao. Tumia sabuni ya kuogea isiyo kali. Dodoki lisugue taratibu, ngozi si sufuria.

Mafuta: yapake mara tu unapotoka kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu, ili maji yasiponyoke. Mafuta mgando yanatosha kabisa, hasa kwako wa Tunduma kwenye baridi na upepo. Wa Msangano mna ufuta mlangoni, mafuta yake mazuri mwilini. Usoni kama unatokwa na chunusi, paka mepesi tena kidogo.

Uso: maji safi na sabuni laini mara mbili kwa siku. Chunusi usiitumbue, kovu lake linakaa kuliko chunusi yenyewe. Dawa ya mswaki ni ya meno. Na limao, dada yangu, liache kwenye samaki! Ukilipaka kisha ukatoka juani linaweza kukuunguza na kukuachia mabaka meusi.

Jua: mweusi naye anaungua. Ukienda shamba la mpunga nenda alfajiri, vaa kofia pana au jifunike kitenge. Wenzetu wenye ualbino ndio wanaohitaji kinga zaidi, na ndiyo maana kule Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, ikaanzishwa losheni ya jua kwa ajili yao, inaitwa Kilisun. Fikiria: mwenzako anahangaika kuupata huo mwavuli, wewe unalipa hela kuung'oa.

Miguu: loweka kwenye maji ya uvuguvugu, sugua kwa jiwe, paka mafuta mgando, vaa soksi ulale. Wiki mbili tu visigino vinarudi.

Nywele: dawa ya kulainisha ni kali, inaunguza. Usiiweke kichwa kikiwa na kidonda au umetoka kujikuna, usipitishe muda ulioandikwa, na kaa angalau wiki nane kabla ya kurudia. Watoto wadogo waacheni na mabutu yao. Ukitaka nywele zinyooke bila dawa, funga kwa uzi usiku kucha, bibi zetu walifanya hivyo. Rasta nazo zikikazwa mpaka macho yanavutika, nywele za mbele zitarudi nyuma moja moja mpaka ubaki na paji la uso la mzee. Msusi akikaza, sema! Hata twende kilioni iliyosukwa vizuri inapendeza bila maumivu.

Na nyie kina kaka, vipele vya ndevu vinatokana na kunyoa kavu na kurudia rudia. Lowesha kwanza, nyoa kufuata zinakoelekea. Kwa kinyozi hakikisha mashine imesafishwa kwa spiriti kabla haijagusa shingo yako.

UNATAKA KUACHA?

Kama umeshaingia, usijifungie ndani. Kichukue kikopo chako uende nacho kituo cha afya, wakione. Zenye steroidi wakati mwingine zinaachwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari, maana ukikata ghafla ngozi inafumuka. Mjamzito ndiyo usisubiri hata siku moja. Kesi ngumu zinapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Rangi yako itarudi, ila inataka subira, na kioo usikitazame kila saa.

Akina shangazi, bibi harusi akija kwenu mwaka huu mpeni mafuta ya ufuta na usingizi wa kutosha. Na wewe kaka, ukimwona mweusi wa kung'aa anapita, mpigie saluti. Mpaka wiki ijayo, jipendeni jinsi mlivyo!