Motokaa Kuukuu Husema Inapougua

Katika barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300, bado hazijaisha motokaa za zamani zenye kabureta, hasa Land Rover. Mwenye motokaa ya namna hiyo huogopa mambo mawili: injini kuzimika njiani, na kelele asiyoijua. Kwa hofu hukimbilia dukani. Leo anunua koili, kesho pampu ya petroli, kesho kutwa kabureta. Ada ya shule ya watoto imekwisha, na injini bado yazimika. Yafaa kuuliza kwanza: huzimika lini, mahali gani, na kwa namna gani? Fundi mwema atakuuliza hayo hayo, na majibu yako yatapunguza gharama.

Huzimika namna gani?

Ikizimika ghafula, kama taa iliyopulizwa, shuku umeme: waya uliolegea, pointi zilizoungua, kondensa au koili. Ikizimika polepole, ikikohoa na kushtuka-shtuka, shuku petroli: chujio lililoziba, takataka ndani ya tangi, au pampu iliyochoka. Kabla ya kushika spana, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, na injini ikakubali kuwaka baada ya hapo, yamkini kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba. Kukizibua hakuna gharama yo yote.

Inapogoma mlimani

Tuseme motokaa imetoka katika joto la Ruaha Mbuyuni na kupanda Mlima Kitonga. Katikati ya mlima inazimika, haitaki kuwaka, na baada ya nusu saa inawaka kana kwamba haikuwa na neno. Mara nyingi ni moja ya sababu mbili. Ama petroli imechemka bombani ikawa mvuke, na pampu haiwezi kuusukuma mvuke. Ama koili au kondensa hushindwa ikipata joto.

Utazitenganisha hivi. Mara inapozimika, iweke motokaa kando, uzuie magurudumu kwa mawe. Chomoa waya wa plagi moja, uutie katika plagi ya akiba, uilaze plagi hiyo juu ya chuma cha injini, mbali na petroli. Usiishike kwa mkono. Kisha mwenzako azungushe injini kwa stata. Cheche ya buluu yenye nguvu yaonyesha kwamba umeme ni mzima. Basi funika pampu na bomba la petroli kwa kitambaa chenye maji baridi, ungoje kidogo. Cheche dhaifu ya manjano, au kukosekana kwa cheche, ni dalili ya umeme. Kwa jaribio hilo moja umekwisha kujua kipi usinunue.

Hewa ya nyanda za juu

Mji wa Mbeya uko karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake imepungua uzito kwa karibu sehemu moja katika sita kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta iliyopimwa pwani haijui habari hiyo. Petroli yazidi hewa, injini hutoa moshi mweusi na kuzimika ikiachwa kunguruma polepole. Chomoa plagi uitazame. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi, au chujio la hewa lililojaa vumbi. Weupe kama chokaa ni petroli kidogo mno, au joto lililozidi.

Maji nayo huku huchemka yafikapo karibu digrii 94, si 100. Kwa hiyo kifuniko cha rejeta kisichoshika sawasawa kina hatari zaidi huku kuliko pwani.

Kelele zasema nini?

Simamisha motokaa, injini ikiendelea. Kelele ikitoweka, itafute magurudumuni au kwenye shafti. Ikibaki, yaelekea ni ya injini. Mlio wa kukwaruza sikio wakati wa kuwasha mara nyingi ni fenibelti iliyolegea. Mlio mwembamba, tik-tik, juu ya injini, kwa kawaida ni valvu zinazohitaji kurekebishwa; pima oili, na ikiwa yatosha waweza kufika nyumbani. Mlio kama changarawe mkebeni, unapopanda mlima, ni petroli inayoungua vibaya ndani ya silinda: rudi gia ya chini, punguza mafuta, kisha fundi akague taimingi.

Lakini mgongo mzito wa chini, unaozidi ukikanyaga mafuta, mara nyingi ni beringi za krenki. Zima mara moja, pima oili, tafuta gari la kukuvuta. Ukiilazimisha mpaka Makambako waweza kuvunja injini nzima.

Mteremkoni

Wako madereva wanaozima injini makusudi wakishuka, ili kubana petroli. Ni hatari kubwa. Katika motokaa nyingi breki husaidiwa na injini. Ikizima, baada ya kukanyaga mara chache breki huwa nzito mno. Na ukitoa gia, uzito wote wabaki juu ya breki, nazo zikipata moto kupita kiasi hazishiki. Kwa sababu hiyo motokaa yenye kuzimika-zimika isishuke Kitonga kabla ya kutengenezwa, hata abiria wakinung'unika.

Basi, msomaji, weka daftari ndogo ndani ya motokaa. Kila inapozimika au kulia, andika saa, mahali, injini ilikuwa ya moto au baridi, na ulikuwa ukipanda au ukishuka. Siku ya kwenda kwa fundi, mpe daftari hiyo kabla hujampa ufunguo.