Mpiga Ngoma wa Jeshi Aliyejifunza Kunyamaza

Watu wengi wakisikia habari za muziki wa klasiki wa Ulaya hudhani kwamba watunzi wake wote wamelala makaburini tangu zama za Bach na Beethoven. Sivyo hata kidogo. Muziki huo ungali ukitungwa, na katika karne hii ya ishirini na moja umekuwa na watunzi mashuhuri walio hai, kama vile Wamarekani Philip Glass na Steve Reich. Lakini katika kundi hilo ni vigumu kumpata aliyependwa na watu wa kila namna kuliko Arvo Pärt wa Estonia, ambaye mwezi wa Septemba 2025 alitimiza umri wa miaka 90. Kwa miaka kadhaa mfululizo kuanzia 2011, hesabu za maonyesho ya muziki ulimwenguni zilionyesha kwamba hakukuwa na mtunzi aliye hai ambaye kazi zake zilipigwa mara nyingi kuliko zake.

Habari za mzee huyu zinastahili kusomwa katika nyumba ya askari. Yeye mwenyewe aliwahi kuvaa sare na kupiga ngoma ya gwaride. Tena alipofika mahali ambapo hakuwa na la kusema, hakujifanya kuwa analo. Alinyamaza, akajifunza upya, na kutokana na kunyamaza huko akapata sauti yake.

PIANO MBOVU

Arvo Pärt alizaliwa tarehe 11 Septemba 1935 katika mji wa Paide, Estonia, nchi ndogo iliyo kando ya Bahari ya Baltiki. Wazazi wake walitengana angali mtoto mdogo, naye akalelewa katika mji wa Rakvere. Nyumbani mwao mlikuwa na piano kuukuu ambayo sehemu yake ya kati ilikuwa imeharibika. Zilizosikika vizuri zilikuwa sauti za juu na sauti za chini tu, na mtoto akawa anachezea hizo zilizobaki.

Alipokua kidogo alipata mwalimu mwingine: kipaza sauti katika uwanja wa mji, kilichokuwa kikitoa muziki wa okestra kutoka redioni. Kijana alipanda baiskeli yake akauzunguka uwanja ule, mzunguko baada ya mzunguko, ili apate kusikiliza. Siku hizi Rakvere ina sanamu ya kijana na baiskeli kwa ukumbusho wa jambo hilo.

Mwaka 1954, akiwa ndiyo kwanza ameanza shule ya muziki mjini Tallinn, aliitwa jeshini. Estonia wakati huo ilikuwa chini ya Umoja wa Kisovieti, na vijana wa kiume walipaswa kulitumikia jeshi. Aliwekwa katika bendi, akapuliza obo, chombo chenye ulimi wa matete mawili ambacho ni ndugu wa zumari la pwani, na kupiga ngoma ndogo ya gwaride. Kila askari anaijua kazi ya ngoma hiyo. Pigo moja likikosewa, miguu ya kikosi kizima huvurugika.

Alitoka jeshini mwaka 1956, na mwaka uliofuata akaingia chuo cha juu cha muziki cha Tallinn, akafundishwa na mtunzi Heino Eller hadi alipohitimu mwaka 1963. Wakati huohuo, tangu 1958 hadi 1967, alifanya kazi ya fundi wa kurekodi sauti katika Redio ya Estonia. Hivyo alijipatia riziki kwa kusikiliza muziki wa wengine huku akitunga wake.

KAZI ILIYOZIMWA

Pärt kijana alikuwa mtu wa majaribio. Mwaka 1960 alitunga *Nekrolog*, kazi ya kwanza ya Kiestonia kufuata ule mtindo wa noti kumi na mbili uliokuwa umeanzia Vienna, na wakubwa wa muziki huko Moscow wakamlaumu kwamba anaiga mambo ya kigeni. Hata hivyo mwaka 1962 kazi zake nyingine, mojawapo ikiwa ni utungo kwa ajili ya kwaya ya watoto, zilitunukiwa zawadi huko huko Moscow. Leo lawama, kesho sifa.

Mambo yalibadilika tarehe 16 Novemba 1968. Siku hiyo, mjini Tallinn, kiongozi wa okestra Neeme Järvi alipiga kazi mpya ya Pärt iitwayo *Credo*, yaani «Nasadiki». Ndani yake mtunzi aliushindanisha muziki mtulivu wa Bach na makelele makali ya okestra na kwaya, mfano wa pambano kati ya kulipiza kisasi na fundisho la Injili la kutolipa ovu kwa ovu. Wasikilizaji walishangilia. Lakini katika nchi ambayo serikali yake haikutaka dini isikike hadharani, kukiri imani kwa Kilatini mbele ya halaiki ya watu halikuwa jambo dogo. Kazi ile ikazimwa, na kwa miaka mingi haikuruhusiwa kupigwa tena.

MIAKA MINANE

Marufuku ile ilikuwa nusu tu ya shida yake. Pärt mwenyewe aliona kwamba njia aliyokuwa akiifuata imefika ukingoni. Mtindo wa noti kumi na mbili ulikuwa umemchosha, na wa zamani hakutaka kuuiga. Tangu 1968 hadi 1976 karibu hakutoa kazi kubwa, ila Simfonia yake ya Tatu ya mwaka 1971. Riziki aliipata kwa kutunga muziki wa filamu.

Hakukaa bure. Aliketi chini kama mwanafunzi wa darasa la kwanza na kusoma nyimbo za kale za kanisa, zile zinazoimbwa kwa sauti moja bila ala yoyote. Alijaza madaftari kwa mistari ya sauti moja tu. Alisoma zaburi, kisha akaandika mstari wa noti bila kusita. Alitazama jinsi ndege wanavyoruka angani, akajaribu kuufuata mruko wao kwa kalamu. Mwaka 1972 alijiunga na Kanisa la Kiorthodoksi, na mwaka huohuo akamwoa Nora, ambaye amekuwa mwenzi wake na msikilizaji wake wa kwanza tangu wakati huo. Pärt amesimulia pia kwamba alimwuliza mfagia barabara mtunzi afanyeje kazi yake, na mtu yule akamjibu kwamba hana budi kuipenda kila sauti. Hakuna mwalimu wa chuo aliyewahi kumwambia hivyo.

SAUTI MBILI ZILIZO MOJA

Mwaka 1976 kimya kilivunjika kwa kazi ndogo ya piano, *Für Alina*. Aliitunga kwa ajili ya binti wa rafiki wa familia, aliyehamia London huku mama yake akibaki Estonia. Wakati ule mpaka kati ya nchi hizo haukuvukwa kwa wepesi, na familia yoyote iliyowahi kuagana na mwana kituoni itaelewa muziki huo bila mkalimani. Noti ni chache mno. Kila kifungu huongeza noti moja, kisha huanza kupungua tena, na chini yake sauti nene ya piano huachwa ikivuma mpaka ififie.

Njia hiyo mpya Pärt aliiita *tintinnabuli*, neno la Kilatini lenye maana ya kengele ndogo. Mtu aliyewahi kuimba kwaya kwa do-re-mi anaweza kuielewa. Chukua sauti mbili. Ya kwanza hutembea hatua kwa hatua, do, re, mi, ikipanda na kushuka. Ya pili hairuhusiwi kutembea hivyo. Hukaa katika noti tatu tu za msingi, do, mi na so, na kila sauti ya kwanza inapopiga hatua, ya pili huichagulia mwenzake mmoja kati ya hizo tatu. Ya kwanza ni kama askari wa doria, ya pili ni kama mlinzi wa lango. Mmoja huenda mbali na mwingine hubaki, lakini zamu yao ni moja. Pärt na mkewe wamezoea kuieleza njia hii kwa hesabu ya ajabu: moja kuongeza moja ni moja.

Baada ya hapo kazi zilimiminika. Mwaka 1977 pekee zilitoka *Fratres*, ombolezo kwa ajili ya mtunzi Mwingereza Benjamin Britten, na *Tabula rasa* ya fidla mbili, piano na okestra ya nyuzi. Wanamuziki walipoikabidhiwa *Tabula rasa* walistaajabu, maana kurasa zilionekana kama tupu. Ilipopigwa mjini Tallinn mwezi wa Septemba mwaka huo, kazi hiyo ilimalizikia katika kimya, na kimya kikatanda ukumbini.

KITUONI BREST

Serikali haikupendezwa. Mwezi wa Januari 1980 Pärt, mkewe na watoto wao wawili wadogo wa kiume walipanda treni kuihama nchi. Huko Brest, kituo cha mpakani kuelekea Polandi, walinzi waliikagua mizigo yao. Ilikuwa masanduku saba, nayo yalijaa karatasi za muziki, sahani za santuri na kanda. Walinzi wakataka kusikia ni kitu gani. Basi likapigwa lile ombolezo la Britten, mle kituoni, na baadaye muziki wa misa. Familia imesimulia kwamba walinzi wale waliwatendea kwa upole, jambo ambalo halikutarajiwa mahali kama pale. Walikuwa wametumwa kupekua, wakajikuta wanasikiliza.

Familia ilifika Vienna, na mwaka 1981 ikahamia Berlin. Mwaka 1984 sahani ya *Tabula rasa* iliyotolewa na kampuni ya ECM ya Ujerumani ilimtangaza ulimwenguni, na baadaye muziki huo ulitumiwa hata kando ya vitanda vya wagonjwa mahututi waliotaka utulivu.

Estonia ilijipatia tena uhuru wake mwaka 1991, na Pärt hatimaye akarudi kuishi kwao. Tarehe 17 Oktoba 2018 kilifunguliwa kituo chenye jina lake katika msitu wa misonobari huko Laulasmaa, yapata kilomita 35 kutoka Tallinn, ambamo madaftari ya ile miaka ya kunyamaza yamehifadhiwa.

Watu wa usalama wana sababu ya kuijua kazi yake nyingine, *Da pacem Domine*, sala ya kuomba amani. Aliianza siku mbili baada ya mabomu kulipuka katika treni za Madrid, tarehe 11 Machi 2004, yakaua watu zaidi ya 190. Pärt hakuandika ghadhabu. Aliandika sauti chache zinazosonga polepole, kama watu wanaotembea nyuma ya jeneza.

KUSIKILIZA NYUMBANI

Anayetaka kuanza kumsikiliza na aanze na *Spiegel im Spiegel*, yaani «Kioo ndani ya Kioo», ya mwaka 1978, kwa fidla na piano. Haizidi sana dakika kumi. Fidla huondoka na noti mbili, kisha hurudi. Kila safari huongeza noti moja, na kila safari huishia kwenye noti ileile, kama mtu arejeaye nyumbani. Wazazi wanaweza kuwaambia watoto waihesabu safari kwa vidole, na mtoto mtundu ataketi kimya bila kuamrishwa.

Wakati mzuri ni jioni, sahani zikiisha kuoshwa na viatu vya kazini vikiisha kuvuliwa. Aliye kambini mbali na jamaa zake naye anaweza kuisikiliza usiku uleule, kwa saa waliyoagana. Watasikia fidla moja ikienda na kurudi.