Mnofu mtupu haulishi

Februari 1928, katika hospitali ya Bellevue jijini New York, mtu mmoja aliwekewa mbele sahani ya mnofu uliotolewa mafuta yote, akaambiwa ale huo na asile kingine. Alikuwa Vilhjalmur Stefansson, mvumbuzi mzaliwa wa Kanada, mtoto wa wazazi waliotoka Iceland. Miaka mingi ya ujana wake aliipitisha Aktiki, akiishi na Wainuit na kula walichokula: samaki, sili, nyangumi, kulungu wa baridi. Aliporudi akatangaza kwamba binadamu anaweza kuishi kwa nyama na samaki peke yake, bila nafaka, tunda wala jani, na asiugue. Madaktari hawakumwamini. Yeye na mwenzake wa safari, Karsten Andersen wa Denmark, wakakubali kuwekwa wodini chini ya ulinzi na kupimwa kila kinachoingia na kinachotoka mwilini.

Huo mnofu mtupu Stefansson mwenyewe aliutilia shaka, kwa sababu alikwisha kuona kule kwenye barafu jinsi unavyoumiza. Aliula kwa sababu watafiti walimwomba. Siku ya tatu akashikwa na kichefuchefu na kuhara. Wakaongeza nyama yenye mafuta, na baada ya siku mbili akapona kabisa. Kisha wote wawili wakaendelea kula nyama ya mafuta kwa mwaka mzima.

Siku hizo tatu za Bellevue mimi huzikumbuka kila anapoingia ofisini kwangu, ninapotoa ushauri wa chakula, mtu aliyeacha wanga. Wa karibuni alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Alisikia kwamba nyama tupu hupunguza mwili, akaacha ugali, wali, maharage na matunda kwa mkupuo mmoja. Kila asubuhi alikwenda buchani akasema, "Nipe steki, toa mafuta yote." Jioni alikula kidari cha kuku kilichochunwa ngozi. Wiki ya tatu akaja kwangu amenyong'onyea. "Mama," aliniambia, "nyama naila mpaka naichukia, na njaa haiishi."

Nilimwamini, maana njaa hiyo ina historia. Wawindaji wa misitu ya kaskazini mwa Kanada waliijua vizuri na waliihusisha na sungura, ambaye mwishoni mwa baridi hana mafuta hata chembe. Mtu anayeishi kwa sungura tu hula hadi tumbo linamvimba na bado ana njaa. Baadaye huanza kuhara, kichwa kinamuuma, nguvu zinamwisha, na asipopata mafuta anaweza kufa akiwa na nyama mkononi.

Sababu yake inaeleweka kwa hesabu ndogo. Gramu moja ya protini hutoa kalori 4, gramu moja ya mafuta hutoa 9. Mtu mzima anayehitaji kalori 2,400 kwa siku, akitaka kuzipata kwenye mnofu usio na mafuta, itambidi ale kilo 2 hivi, zenye protini zaidi ya gramu 400. Sasa protini inapochomwa mwilini huacha naitrojeni, ambayo kwanza huwa amonia, nayo ni sumu. Ini huigeuza kuwa urea, na figo huitoa kwa mkojo. Ini lina kikomo chake katika kazi hii. Protini ikizidi sana, kama theluthi moja ya kalori zote kwa muda mrefu, ini hulemewa. Ndiyo maana mwili wenyewe huikataa nyama kabla mtu hajashiba.

Tazama basi walichokula Stefansson na Andersen baada ya siku zile za mwanzo: protini gramu 100 hadi 140 kwa siku, na mafuta gramu 200 hadi 300. Karibu sehemu nne kwa tano za kalori zao zilitoka kwenye mafuta. Kwa hiyo kuuita mlo wa nyama ni kuupa jina la sehemu yake ndogo. Ulikuwa mlo wa mafuta, na nyama ikausindikiza. Sisi kwa lugha yetu tunaiita nyama kitoweo, kitu cha kutowelea chakula, na hata hapo Bellevue ilibaki kitoweo. Kilichochukua nafasi ya ugali ni shahamu.

Je, wanga wenyewe ulikwenda wapi? Hapa kijana wangu alikuwa na hofu kwamba ubongo wake "utazimika", na katika hili niliweza kumtuliza. Ubongo wa mtu mzima hutumia glukosi gramu 120 hivi kwa siku. Wanga ukikoma, ini hutumia kwanza akiba yake ya glaikojeni, ambayo haizidi sana gramu 100 na huisha ndani ya siku moja hivi. Glaikojeni ya ini na ya misuli huhifadhiwa pamoja na maji, takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu, na ndiyo maana mizani hushuka kwa kasi wiki ya kwanza. Watu hushangilia, kumbe sehemu kubwa ya kilichotoka ni maji. Baada ya hapo ini huanza kutengeneza glukosi lenyewe kutokana na protini na sehemu ndogo ya mafuta, na mafuta mengine huyavunja yakawa ketoni. George Cahill na wenzake wa Boston walionyesha katika miaka ya 1960, kwa kupima watu waliofunga kula kwa wiki kadhaa, kwamba ketoni hizo ndizo hubeba sehemu kubwa ya mahitaji ya ubongo. Hakuna ugonjwa wa kukosa wanga kama kilivyo kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Hilo ni kweli, na wanaohubiri mlo huu wana haki ya kulisema.

Wanayoyaacha ndiyo yanayonisumbua.

Kwanza ni suala la mnyama mzima. Mabaharia wa zamani walikula nyama ya chumvi iliyokaa mapipani miezi mingi, wakafa kwa kiseyeye. Wainuit walikula karibu nyama na samaki tu vizazi na vizazi, kiseyeye hakikuwamaliza. Tofauti ni kwamba Wainuit walikula maini, ubongo na ngozi ya nyangumi, mara nyingi vikiwa vibichi au vimegandishwa, na humo vitamini C imo. Moto mkali na kukaa muda mrefu huiharibu. Walijua pia kisicholika: ini la dubu wa barafuni hawaligusi, kwa kuwa lina vitamini A nyingi kiasi cha kumdhuru mtu. Bellevue nako walipewa maini, figo, ubongo na uboho, si steki pekee. Hata hivyo kalsiamu yao ilikuwa pungufu, maana madini hayo yamo kwenye mifupa, maziwa na dagaa, na kwenye nyama ni haba sana.

La pili linatuhusu huku kwetu, nami hulisikia likisemwa vibaya karibu kila wiki: kwamba Wamasai ni ushahidi wa maisha bila wanga. Daktari George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alikuja Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawapima wanaume wa Kimasai 400, na mwaka 1964 akatangaza kwamba lehemu katika damu yao ilikuwa chini licha ya mafuta mengi waliyokula. Taarifa hiyo inazungushwa mpaka leo. Lakini chakula chao kikuu kilikuwa maziwa, na maziwa yana sukari yake, laktosi, kama gramu 45 hadi 50 kwa lita. Mtu anayekunywa lita 3 kwa siku anapata gramu zisizopungua 130 za wanga, zaidi ya mahitaji yote ya ubongo. Nyama ililiwa kwa vipindi: kwenye sherehe, wakati wa ukame, na wakati wa olpul, morani wanapojitenga porini wakachinja na kula. Na haikuliwa peke yake. Supu ilichemshwa na magome na mizizi kama ya olkiloriti na olmukutan, dawa ambazo wazee wanazijua kwa majina na kwa kazi. Mwaka 1972 Mann na wenzake, akiwemo Anne Spoerry, daktari aliyewafuata wagonjwa kwa ndege nchini Kenya, walitoa matokeo ya kuchunguza mioyo 50 ya Wamasai waliofariki. Mishipa ilikuwa na utando wa mafuta kama ya wazee wa Marekani. Kilichowaokoa ni kwamba ilikuwa mipana kuliko kawaida, na watafiti waliona sababu yake ni mwendo wao wa kila siku. Matokeo haya ya pili huwa hayazungushwi.

Hata Wainuit si kielelezo cha kila mtu. Wengi wao wana aina ya jeni iitwayo CPT1A inayopunguza utengenezaji wa ketoni. Miili yao imekaa na mlo ule maelfu ya miaka. Kijana wangu ana wiki tatu.

Nirudi Bellevue kwa haki. Mwisho wa mwaka, shinikizo la damu la wanaume wale wawili lilikuwa palepale, figo hazikuonyesha madhara, na kiseyeye hakikutokea. Gharama zililipwa na chama cha wafanyabiashara wa nyama wa Marekani, lakini ripoti iliyotoka 1930 haikuficha ile siku ya tatu, nami naiheshimu kwa hilo. Ni wanaume wawili tu, kwa mwaka mmoja. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi wa watu wazima 2,029 wanaokula nyama tupu. Wengi walisema wameridhika, lakini walijieleza wenyewe, na waliotoa vipimo vya damu walikuwa na LDL, lehemu inayoziba mishipa, iliyo juu sana.

Kijana nilimwambia arudishe mafuta au arudishe ugali, kwa sababu kuondoa vyote viwili ni kujitesa. Alichagua mafuta. Nikamwandikia maini mara moja kwa wiki, dagaa wanaoliwa na mifupa yake, supu ya makongoro yenye chumvi kwa ajili ya kizunguzungu, na kipimo cha lehemu kabla na baada ya miezi mitatu. Akataka kumwanzishia na mama yake, mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini. Hapo nilikataa. Mtu wa insulini akiacha wanga bila daktari kupunguza dozi, sukari inaweza kushuka usiku akapoteza fahamu usingizini. Na zipo dawa za kisukari, zile ambazo majina yake huishia na "gliflozin", zinazoweza kujaza damu ketoni hadi hatari wakati kipimo cha sukari kinaonyesha hakuna tatizo. Mama aende kwanza kwa daktari wake.

Baada ya miezi mitatu alirudi akiwa mwepesi na mchangamfu, LDL yake imepanda karibu maradufu. Tulikaa na karatasi ile muda mrefu. Siku hizi anakula maharage.