Glutamini, mlo wa ukuta wa utumbo

Je, wajua kwamba ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umefunikwa na safu moja tu ya seli, na kwamba seli hizo hufa na nyingine kuzaliwa kila baada ya siku 3 hadi 5? Kazi hiyo hula nishati nyingi. Mwaka 1974 Herbert Windmueller na Albert Spaeth, watafiti wa Marekani, walichunguza panya wakaona utumbo wao unavyoichota kutoka kwenye damu asidi amino iitwayo glutamini na kuiunguza kama kuni. Misuli yetu huitengeneza yenyewe, na twaipata pia kwenye nyama, samaki, mayai, maziwa na maharage.

Safu hiyo ikijeruhiwa, shida huweza kubaki hata mgonjwa akishapona. Mtu anaharisha, anatibiwa, vijidudu vinaisha, lakini tumbo halitulii: linasokota, linajaa gesi, kila saa mbio chooni. Akipima choo, hakionekani kitu. Nyumbani wanaanza kumwambia ni mawazo tu. Si mawazo. Mwezi Mei 2000 maji ya bomba ya mji wa Walkerton, Kanada, yaliingiwa na bakteria wa samadi ya ng'ombe. Zaidi ya watu 2,000 waliugua na 7 wakafa. Miaka kama miwili baadaye, zaidi ya robo ya waliougua tumbo walikuwa na maradhi haya, ambayo madaktari huyaita IBS. Kwa wasiougua, alikuwa kama mmoja katika kumi.

Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Gut lilichapisha jaribio lililofanywa Marekani kwa watu wa namna hii hasa: wenye IBS ya kuharisha, iliyoanza baada ya maambukizi, na ambao utumbo wao ulithibitishwa kuvuja. Kipimo chenyewe ni chepesi. Mgonjwa hunywa sukari mbili, manitoli yenye molekuli ndogo na laktulosi yenye molekuli kubwa, kisha mkojo wake hukusanywa. Utumbo wenye afya huizuia laktulosi karibu yote. Ikijaa kwenye mkojo, ukuta una mianya.

Watu 54 walipewa gramu 5 za glutamini mara tatu kwa siku kwa wiki 8, wengine 52 wakapewa unga wa kulinganishia. Waliopata nafuu ya kutosha walikuwa 43 kwa glutamini, na 3 tu kwa ule mwingine. Mianya nayo ilipungua.

Ni tofauti kubwa mno, na kwa maoni yangu siri yake ni namna wagonjwa walivyochaguliwa. Mwenye IBS ya kufunga choo hakuwemo, wala yule ambaye utumbo wake hauvuji. Wauzaji wa virutubisho hawasemi hivyo. Kwao kopo moja latibu kila tumbo. Tena watu 106 ni wachache, na tiba hii yahitaji kujaribiwa kwa wengi zaidi.

Wala glutamini si kitu cha kuchezea. Mwaka 2013 jaribio la wagonjwa mahututi zaidi ya 1,200 lilionyesha kuwa waliopewa dozi kubwa walikufa zaidi. Mwenye ini bovu asiiguse bila daktari, kwa kuwa ikivunjwa mwilini hutoa amonia. Na anayeona damu kwenye choo, anayekonda bila sababu au anayeamshwa usiku na kuharisha, aende hospitali kwanza: dalili hizo huashiria maradhi mengine.