Fahamu: Imigongo na thamani ya sanaa ya maumbo

Ukivuka daraja la Rusumo kutoka Ngara, Nyakarambi haiko mbali. Hapo, wilayani Kirehe nchini Rwanda, ndiko nyumbani kwa sanaa ya imigongo: pembetatu, miraba na mistari ya kupindapinda iliyoinuka juu ya ubao.

Inatengenezwaje?

Samadi mbichi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, na harufu hupungua. Fundi huchora ubaoni, kisha hujenga matuta kwa vidole. Yakikauka husuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi. Za jadi ni nyeusi, nyeupe na nyekundu.

Asili yake

Simulizi humtaja Kakira, mwanamfalme wa ufalme wa zamani wa Gisaka aliyependa kupamba kuta za nyumba. Mauaji ya kimbari ya 1994 nusura yaizime sanaa hii. Wanawake wa ushirika, wakiwemo wajane, ndio walioifufua.

Bei hupandaje?

Kwa picha za sanaa zinazochapwa, nakala za idadi maalumu huandikwa namba kwa penseli, mfano 12/50, yaani ya 12 kati ya 50, pamoja na sahihi. Uchache huo, jina la msanii na hali ya karatasi ndivyo vinavyopimwa. Lakini imigongo ya mkono haihitaji namba. Kagua nyufa na kingo za matuta, halafu geuza ubao utafute jina la fundi; likikosekana, liulize na uliandike. Picha ya imigongo iliyochapwa kiwandani bila namba wala sahihi ni pambo tu, hata fremu iwe ya bei mbaya.